Sikinde: Bendi Iliyobeba Jina la Baa

Aghalabu bendi za dansi za Tanzania Bara zilitambulikana kwa wenye vyombo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Polisi na magereza nao walikuwa na zao. Mlimani Park haikufuata desturi hiyo. Ilijiita kwa jina la baa.

Baa yenyewe ilikuwa Dar es Salaam, na mwenyewe alikuwa kampuni ya usafiri na teksi, TTTS. Mwaka 1978 iliundwa bendi ya kupiga hapo, nayo ikawavuta mafundi kutoka bendi kongwe. Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka walitoka kwa wafanyakazi, ambako NUTA Jazz sasa iliitwa Juwata. Michael Enoch, bingwa wa gitaa na saksafoni, akawa mwalimu wa sauti za vyombo. Mtindo wakauita Sikinde, kwa jina la ngoma ya Wazaramo. Juwata walikuwa na Msondo, nayo ni ngoma. Visiwani, ambako vikundi vya taarab vimeshindana tangu zamani, hapana haja ya kueleza utamu wa ushindani wa namna hiyo.

Ukumbi ulikuwa na uzito wa pekee miaka ile. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, na viwanda vya santuri vilikuwa Nairobi. Mwanamuziki akabakiwa na milango miwili: ukumbi na Redio Tanzania. Mtunzi alileta maneno na sauti. Wenzake mazoezini wakatia viitikio, magitaa na tarumbeta. Kisha wachezaji usiku wakatoa hukumu. Wimbo ulionusurika ulikwenda redioni, na mawimbi yakaufikisha hata Mbulu na Hanang, wilaya zilizokuwa wakati huo katika Mkoa wa Arusha. Huko jina la Mlimani Park lilisikika kwa watu ambao baa yenyewe hawakuiona abadan.

Mwaka 1983 bendi iliingia mikononi mwa shirika la maendeleo la jiji, DDC. Ajabu ni kwamba jina la baa halikufutwa; liliongezewa tu herufi tatu mbele, na DDC Kariakoo pakawa ndipo nyumbani pa Sikinde.

Miaka miwili baadaye Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, alimchukua Gurumo na wenzake kadhaa. Hapo ndipo udhaifu wa mfumo ulipodhihiri. Shairi lililoandikwa humfuata mtunzi wake popote aendako. Wimbo wa dansi haukuwa hivyo. Umeundwa na wengi, umepigwa kwa vyombo vya mwajiri, tepe yake iko maktaba ya redio. Mwimbaji aliyehama aliondoka na koo lake tu. Ni vigumu kuiita hiyo haki, ijapokuwa bila mwajiri huyo pengine wimbo usingalizaliwa.

Gurumo baadaye alirejea Msondo, akastaafu mwaka 2013, akafariki Aprili 2014. Sikinde ilikwisha kupata waimbaji wengine, nao waliimba zile tungo za kale kila wachezaji walipoziomba.