Asili na Uenezi wa Jina la Mshana katika Upare

Katika orodha yoyote ya majina ya watu wa milima ya Upare, tangu Ugweno upande wa kaskazini hata Gonja na Mamba upande wa kusini, ni nadra jina la Mshana kukosekana. Limo katika madaftari ya shule, katika vitabu vya ubatizo, katika misikiti ya Usangi na katika ofisi za wilaya mjini Same. Wingi huo waweza kumdanganya msomaji, akadhani kuwa ni jina la kawaida tu lisilo na habari. Kumbe ndani yake mna habari za utawala uliopinduliwa, za kazi ya chuma, na za karani mgeni aliyetaka kila mtu awe na jina moja lisilobadilika.

Maana ya neno haina fumbo. Kwa Wapare, na kwa jirani zao Wasambaa, mshana ni mhunzi. Wingi wake katika Kipare ni vashana, na Kiswahili kikalifanya Washana. Basi jina hili ni ndugu wa majina mengi ya ulimwengu yaliyozaliwa kiwandani mwa mfua chuma. Waingereza wana Smith, Wajerumani wana Schmidt, na Wafaransa, ambao walilirithi neno la Kilatini faber, wana Fabre, Faure, Favre na Lefebvre. Lakini yafaa itazamwe tofauti moja kubwa. Kwa Wafaransa jina la mhunzi lilikuwa la mtu mmoja mmoja: kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, na watoto wake wakaitwa kwa kazi yake, hata ikawa akina Lefebvre wa mji mmoja hawana udugu wowote na wale wa mji mwingine. Upareni jina halikuwa la mtu. Lilikuwa la ukoo. Mtu hakuitwa Mshana kwa sababu anafua chuma, bali alijifunza kufua chuma kwa sababu alizaliwa Mshana. Hata yule asiyewahi kushika nyundo maishani mwake alikuwa Mshana vile vile.

Tena ukoo huo haukuwa wa mafundi tu. Mapokeo ya Ugweno, ambayo Isaria Kimambo aliyakusanya na kuyachambua katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, yaeleza kwamba watawala wa kwanza wa nchi ile walikuwa Washana. Jambo hilo si la ajabu. Nchi ya milima yenye misitu hailimiki bila shoka na jembe, wala hailindiki bila mkuki, na vyote vitatu vilitoka mkononi mwa mtu mmoja. Mhunzi alikuwa na siri ambayo wengine hawakuwa nayo, na siri ni mwanzo mzuri wa mamlaka. Mchanga mweusi wenye chuma ulizolewa katika vijito baada ya mvua, ukaoshwa, ukayeyushwa kwa makaa na mivukuto. Chuma kilichopatikana hakikuishia milimani: Wachaga wa Kilimanjaro, wenye ardhi yenye rutuba lakini wasio na chuma cha kutosha, walikinunua kutoka Ugweno. Kwa hiyo kabla Mshana hajawa jina katika daftari la mtu yeyote, alikwisha kuwa mtu wa kutafutwa hata nje ya nchi yake.

Utawala huo uliondolewa na ukoo mwingine, Wasuya, chini ya uongozi wa Angovi. Kwa hesabu ya vizazi, ambayo ndiyo kalenda pekee ya mambo ya kale katika nchi isiyo na maandishi, tukio hilo lawekwa yapata karne ya 16. Hesabu ya vizazi yaweza kukosea kwa miaka mingi, na mwenye kuitumia hana budi kuitumia kwa hadhari. Lakini juu ya mfuatano wa mambo mapokeo yasimama imara: kwanza Washana, kisha Wasuya. Mranga, mwana wa Angovi, ndiye anayekumbukwa kwa kuujenga utawala mpya, akayafanya mafunzo ya jando ya mshitu kuwa chombo cha dola nzima, si tena shughuli ya kila ukoo kwa nafsi yake.

Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa kuliko mapinduzi yenyewe. Katika nchi nyingi ukoo uliopokonywa enzi hufichwa, hubadili jina, au huyeyuka ndani ya ukoo wa washindi. Washana hawakufanya hivyo. Walipoteza kiti wakabaki na nyundo. Mtawala Msuya aliwahitaji kama walivyohitajiwa na kila mtu, na hapana shaka kwamba haja hiyo ndiyo iliyolihifadhi jina lao. Yaelekea pia kuwa ndiyo iliyolieneza. Mtawala huwa na mipaka, ila mhunzi hukaribishwa popote palipo shamba la kulima. Na leo akina Mshana wapatikana kaskazini na kusini, katika nchi ambazo Wasuya wa Ugweno hawakupata kuzitawala.

Hata hivyo, katika siku hizo zote hakuna aliyelitumia neno hili kama litumikavyo sasa. Mtu alikuwa na jina lake mwenyewe, akatambulishwa kwa baba yake. Jina la ukoo lilitajwa pale lilipokuwa na kazi: katika kuulizana kabla ya kuposa, katika madai ya ardhi, na katika matambiko, kwa kuwa kila ukoo ulikuwa na mpungi wake, yaani kichaka kitakatifu cha wahenga. Kulijua jina la ukoo kulikuwa kujua mpungi upi ni wako na ni nani huwezi kumwoa.

Mabadiliko yaliletwa na karatasi. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani iliamuru kodi ya nyumba. Tangu mwanzo wa karne ya 20 wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walikuwa wakifanya kazi milimani, na mwaka 1903 wakafika Waadventista upande wa kusini. Karani wa kodi na mchungaji walitaka kitu kimoja, ingawa kwa nia mbalimbali: jina la kwanza, kisha jina la pili litakalorithiwa. Jina la kwanza lilipatikana katika Biblia, au likaundwa kwa kuunganisha jina la Mungu na neno la wenyeji, kama Elisante, ambalo ni shukrani iliyofanywa jina. La pili lilikuwa tayari katika ukoo. Waislamu wa Usangi nao wakafanya vivyo hivyo, hata ikawa jina la kwanza ndilo linaloonyesha dini ya mtu na la mwisho ndilo linaloonyesha damu yake. Ufaransa ilipita njia hiyo hiyo mapema zaidi: amri ya mfalme iliyotolewa Villers-Cotterêts mwaka 1539 iliwalazimisha mapadri kuandika ubatizo, na majina yakaganda.

Kuganda huko kulileta matatizo yake. Kodi ya kichwa yaweza kukusanywa kwa kuhesabu watu, lakini kodi ya kukadiria mali haiwezekani pasipo daftari linalomtenga mtu na mwenzake. Waingereza walipoanzisha kodi ya namna hiyo, iliyoitwa mbiru, maelfu ya Wapare waliteremka mwaka 1945 wakapiga kambi Same kuipinga. Hawakukataa kulipa, walikataa kupimwa mali zao mmoja mmoja na makadirio ya watu wengine. Watu waliozoea kujibu kama ukoo waliitwa wajibu kila mtu peke yake.

Upo pia ushahidi wa sarufi. Karani aliandika umoja, na umoja ukawa jina zima. Watoto kumi wa baba mmoja kila mmoja ni Mshana, lakini ukiwakusanya hawarudi kuwa Washana. Huitwa “akina Mshana”, kwa sababu neno lililokuwa na wingi wake limefanywa kuwa gumu kama jina la mahali. Tahajia nazo zilifuata sikio la mwandishi. Watu wa ukoo wa Wambaga huandikwa Mbaga au Mmbaga, na wa pili ndio waliohifadhi silabi ya ngeli ambayo mgeni hakuisikia. Mzirai na Mziray ni jina moja. Wasomi wa Ulaya wasicheke: ile b iliyomo katika Lefebvre haitamkwi kamwe, nayo iliingizwa na watu wa kalamu waliotaka Kilatini kionekane.

Na umaarufu wa jina ukawa kikwazo kwa kazi yake ya kwanza. Desturi ilikataza watu wa ukoo mmoja kuoana. Milimani swali la Mshana yupi lilijibiwa na wazee kwa kutaja tawi, bonde na mpungi. Lakini vijana wawili wa jina hilo wakikutana Dar es Salaam hawana ila neno lenyewe, na neno lenyewe halisemi kama udugu wao ni wa vizazi vitatu au ishirini. Daftari lililihifadhi jina, na kuyaacha nje matawi yote yaliyolipa maana. Matawi hayo yangaliko katika vichwa vya wazee, nao wanapungua. Ndiyo maana kuyaandika ni kazi isiyongoja.

Msuya naye amekuwa jina kama mengine. Cleopa David Msuya, mzaliwa wa Usangi aliyefariki mwaka 2025, alikuwa waziri mkuu wa Tanzania mara mbili, kuanzia 1980 hadi 1983 na tena 1994 hadi 1995, naye alilishika cheo hilo kwa kuteuliwa na rais, bila mshitu wala ukoo kuulizwa. Mwaka 1979 wilaya ya Upare iligawanywa, Mwanga ikachukua kaskazini na Same ikabaki na kusini, na majina yote mawili yakawa pande zote za mpaka. Katika madaftari ya wilaya zote mbili watu hupangwa kwa alfabeti, na kwa mpango huo Mshana humtangulia Msuya.