Kichocho cha Mto Juba na watu wa mtoni

Bibi yangu, mzaliwa wa kisiwa cha Koyama, hupenda kusema kwamba kichocho ni ugonjwa wa watu wa mtoni, si wa Wabajuni. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba nusu ya neno lake ni kweli.

Kichocho hakiambukizwi moja kwa moja kutoka mtu hadi mtu. Mayai ya kimelea hutoka na mkojo, huanguliwa katika maji baridi, na viluwiluwi vyake huingia ndani ya konokono. Baada ya wiki kadhaa hutoka vikiwa na umbo jingine, vikapenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayelima majini. Minyoo iliyokomaa hukaa katika mishipa ya damu ya kibofu. Yanayodhuru zaidi ni mayai yanayokwama humo: mkojo wa damu, makovu, figo kuharibika, hata saratani. Konokono huyo haishi baharini, na Koyama, Chovai na Chula hazina mto. Maji yao ni ya visima na ya mvua. Hapo bibi yuko sahihi.

Lakini hao watu wa mtoni walifikaje mtoni? Wagosha wengi ni wazao wa watumwa waliotoroka mashamba ya bonde la Shebelle katika karne ya 19. Miongoni mwao wamo Wazigua, ambao asili yao ni pande za Tanga. Walijificha katika msitu wa Juba kwa sababu wafugaji waliuogopa: mbung'o walieneza nagana, iliyoua ng'ombe. Kimelea kimoja kiliwalinda, na kingine kikawangoja majini.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, pamoja na Kismayu. Yakaja mashamba ya ndizi na mifereji, na katika miaka ya 1930 Wagosha walilazimishwa kuyafanyia kazi. Konokono wa kichocho hupenda maji yanayokwenda polepole, na mfereji ni maji ya namna hiyo hasa. Mbajuni aliyevuka kwenda bara na kuoga humo hakuwa na kinga yoyote.

Nilimsomea bibi rasimu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani wao hawakuwa na visima, mjukuu wangu?"

Nikamwambia maji yao yalikuwa ya mto uleule.