Ngozi ikikakamaa: siyo ukoma, siyo kurogwa

Wadau, leo tuongee afya. Kuna mama mmoja jirani yetu hapa Karagwe, watu waliacha kumpa mkono na kikombe chake kikatengwa. Ngozi ya vidole ilikaza, uso ukavutika mpaka mdomo haufunguki vizuri. Wengine walisema ukoma, wengine karogwa. Mimi mwenyewe nilimkwepa. Kumbe ni skleroderma.

Ni nini? Jina ni la Kigiriki, maana yake ngozi ngumu. Kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe, halafu kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, inatengenezwa kupita kiasi. Chanzo hasa hakijulikani. Haiambukizi. Huwapata zaidi wanawake, hasa kati ya miaka 30 na 50. Kuna aina inayoishia kwenye mabaka ya ngozi tu, na kuna inayoingia ndani: koo, mapafu, moyo, figo.

Dalili za mwanzo. Zile asubuhi za baridi za huku kwetu na Kyerwa, vidole vinapauka, vinakuwa vya bluu, vikipata joto vinawasha na kuuma. Kwa ngozi nyeusi angalia kwenye kucha na viganja. Baadaye vidole vinavimba, kiungulia hakiishi, chakula kinakwama, pumzi inakata.

Tofauti na ukoma? Ukoma unaletwa na bakteria, mabaka yake hupoteza hisia, na dawa zake ni za bure na zinaponyesha. Skleroderma haina dawa ya kuimaliza, ila inadhibitiwa.

Hapa msikie vizuri: pimeni presha mara kwa mara! Ikipanda ghafla, figo zinaweza kufa kwa muda mfupi. Dawa kama captopril zikiwahi huokoa maisha. Na vidonge vya steroidi msijinunulie dukani, dozi kubwa inaweza kuchochea balaa hilo.

Pa kuanzia ni hospitali iliyo karibu, kama Nyakahanga kwa Karagwe au Isingiro kwa Kyerwa, mkaombe rufaa. Bugando ipo Mwanza, na KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992.

Yule mama siku hizi anavaa glavu asubuhi, presha anapima, na chai tunakunywa wote. Nilimwomba radhi. Mwenye ndugu wa hivi, tuandikie hapo chini.