Undani wa sauti katika hedifoni za hali ya juu

Undani wa sauti ni jina wanalolitumia wapenzi wa muziki pale rekodi waliyoizoea inapotoa jambo jipya: mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti, kidole kikiteleza juu ya uzi wa gitaa, kiti kikilia ndani ya studio. Hedifoni inayoyaleta mambo hayo bila msikilizaji kuyatafuta husemwa kuwa inachambua sauti, na sifa hiyo ndiyo inayotangulia wauzaji wanapotetea bei za dola elfu moja, elfu nne au zaidi. Lakini undani hauna kizio wala mita ya kuusoma. Vinavyopimika ni vitu vingine, na sehemu kubwa ya kinachoitwa undani hutokana na kimojawapo: uwiano wa nguvu kati ya besi, sauti za kati na sauti za juu pale zinapofika kwenye kiwambo cha sikio.

Namna tatu za kutikisa hewa

Hedifoni nyingi, za bei ndogo kwa kubwa, ni spika ndogo: koili iliyogandishwa kwenye utando hucheza ndani ya nguvu ya sumaku. Ndiyo njia ya DT 48 ya Beyer, iliyotoka Berlin mwaka 1937, na ya SP/3 ambayo John Koss wa Milwaukee aliitoa mwaka 1958 kwa ajili ya kusikiliza stirio. Ndiyo pia njia ya Sennheiser HD 800 ya mwaka 2009, yenye kiendeshi (kifaa kinachotoa sauti) cha umbo la pete cha milimita 56, na ya Focal Utopia ya Ufaransa ya mwaka 2016, ambayo utando wake ni wa madini ya berili.

Aina ya pili haina koili. Njia nyembamba za umeme huchapwa juu ya utando wenyewe, nao utando hutandazwa mbele ya safu za sumaku ili usukumwe sehemu zake zote kwa pamoja. Audeze na HiFiMan zimejijengea jina kwa hedifoni za namna hii. Aina ya tatu hutumia umeme tuli, na iliingizwa sokoni na Stax ya Japani mwaka 1960. Utando wenye unene wa mikromita chache tu hukaa kati ya bamba mbili zenye matundu, na katika modeli zake za sasa huchajiwa kwa volti 580. Hedifoni hiyo haichomekwi kwenye simu wala redio. Lazima iwe na amplifaya yake maalumu. Sennheiser ilifuata njia hiyo kwa Orpheus HE 90 ya mwaka 1991, iliyotengenezwa seti 300 pekee.

Maelezo yanayosikika madukani ni kwamba utando mwepesi huwahi kuanza na huwahi kusimama, na kwa hiyo hutoa undani zaidi. Ni ukweli nusu. Utando unaotoa mitetemo 20,000 kwa sekunde kwa nguvu inayotakiwa tayari una kasi yote ambayo sikio la binadamu linaweza kuitumia. Aidha, katika hedifoni, kwa sehemu kubwa, kasi na uwiano wa sauti ni jambo moja linalopimwa kwa njia mbili: ukinyoosha uwiano, mlio unaobaki ukivuma baada ya sauti kukatika hupungua nao. Faida ya kweli ya tando pana huonekana zaidi kwenye besi, ambako upotoshaji wake wa sauti ni mdogo kuliko wa koili nyingi.

Sauti kufunikana

Sikio halisikii kila kitu kinacholifikia. Sauti kubwa huzifunika ndogo zilizo karibu nayo, na hufunika zaidi zile zilizo juu yake kuliko za chini. Besi nene ikiongezwa desibeli chache, sauti ya mwimbaji hufifia ingawa haijaguswa. Ndiyo sababu hedifoni yenye besi hafifu huonekana kuwa na undani hata kama haikuongeza chochote: imeondoa kifuniko. Njia ya pili ya mkato ni kuinua eneo la kati ya hezi 5,000 na 10,000, zilipo herufi za s na sh, mgongano wa matoazi na mguso wa risha kwenye nyuzi za kanuni. Dakika tano za kwanza mteja hushangaa. Saa moja baadaye masikio yanaomba kupumzika.

HD 800 ndiyo mfano uliojadiliwa kuliko mingine yote. Ilisifiwa kwa upana wa jukwaa lake la sauti na kwa kuonyesha kila kitu, lakini vipimo vilionyesha kilele karibu na hezi 6,000. Wamiliki waliochoshwa na ukali huo walianza kuingiza vipande vya sponji na kitambaa kizito ndani ya vikombe, kuzunguka kiendeshi, na mjadala ukazuka: je, kilele kikishushwa, undani unabaki? Sennheiser ilijibu mwaka 2016 kwa HD 800 S, iliyowekewa kifyonzi cha kupunguza mtetemo huo, teknolojia ambayo tayari ilikuwa imetumika katika IE 800, hedifoni zake ndogo za kuingiza ndani ya sikio. Hoja ya kampuni ilikuwa kwamba kilele kikiondoka, sauti nyembamba zaidi zilizo juu yake hazifunikwi tena na husikika vizuri. Yaani kitu kilekile ambacho wasikilizaji wengi walikuwa wamekiita undani, mtengenezaji alikihesabu kuwa kizuizi cha undani. Pande zote mbili zilikuwa na watetezi, na HD 800 ya awali bado inatafutwa na wanaopenda makali yake.

Vipimo na mipaka yake

Hedifoni hupimwa kwa kuvishwa kichwa bandia chenye masikio ya mpira na maikrofoni mahali pa kiwambo. Mstari wa uwiano unaotoka kwenye kipimo haupaswi kunyooka, kwa kuwa sikio la nje na mfereji wake hukuza sauti za karibu na hezi 3,000 hata kabla hazijafika ndani. Hedifoni inayopuuza jambo hilo husikika kama imefunikwa blanketi. Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman nchini Marekani walitumia miaka ya 2010 kuwauliza wasikilizaji, waliobobea na wa kawaida, ni mstari gani wanaupenda. Wengi walichagua ule unaokaribia sauti ya spika nzuri ndani ya chumba kizuri. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha uchunguzi wa hedifoni 283 na hakuona uhusiano kati ya bei na umbo la mstari huo. Matokeo hayo hayasemi kwamba hedifoni zote ni sawa. Yanasema tu kwamba bei haimwambii mnunuzi ni uwiano gani atakaoupata.

Kichwa bandia kina sikio moja, wanunuzi wana masikio mengi. Juu ya hezi 5,000 hivi umbo la sikio la mtu hubadilisha matokeo kwa desibeli kadhaa, na kusogeza kikombe milimita chache mbele au nyuma hufanya vivyo hivyo. Mikono ya miwani ikiinua mto wa kikombe, besi huvuja. Watu wawili wanaobishana kuhusu hedifoni moja huenda hawasikii sauti moja, na ubishi wao hautaisha kwa kelele.

Kulinganisha

Kosa linaloharibu ulinganisho mwingi ni tofauti ya ukubwa wa sauti. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Maabara za Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikipunguzwa, besi na sauti za juu kabisa hupotea sikioni haraka kuliko za kati. Hivyo hedifoni iliyo juu kwa desibeli moja tu huonekana tajiri zaidi, na msikilizaji hatambui kwamba kilichozidi ni sauti na si undani. Hatari hiyo ni kubwa zaidi pale hedifoni moja inapokuwa nzito kusukumwa. HiFiMan Susvara, iliyotoka mwaka 2017 kwa takriban dola 6,000, huhitaji umeme mwingi sana kuliko Utopia ili zifikie sauti sawa. Mtu anayezihamisha kwenye tundu lilelile bila kugusa kitufe cha sauti ataipa Utopia ushindi usio wake. Sauti husawazishwa kwa kipimo, si kwa kukadiria.

Kujaribu bila kuona ni kugumu, kwani uzito na mito humjulisha msikilizaji amevaa nini. Watafiti wa Harman walikwepa tatizo hilo kwa kutumia hedifoni moja na kuibadilisha kwa programu ili iige uwiano wa nyingine, na maoni ya wasikilizaji yalikaribiana sana na yale waliyoyatoa kwa hedifoni zenyewe. Kwa mwenye kompyuta na programu ya kurekebisha uwiano, jaribio hilo halina gharama, na huenda likamwokolea dola elfu kadhaa.

Rekodi nayo ina ukomo wake. Sauti tupu ya binadamu hufichua mengi: Karlheinz Brandenburg alipokuwa akiunda MP3 nchini Ujerumani aliutumia wimbo wa Suzanne Vega, "Tom's Diner", kwa sababu sauti isiyo na ala iliumbua kila kasoro. Kinyume chake ni sahani za santuri ambazo mwimbaji Siti binti Saad alianza kuzirekodi Bombay mwaka 1928. Sauti za juu kabisa hazikuingia kwenye mifereji ya sahani hizo. Kilichojaa huko ni mchakacho wa sindano. Hedifoni inayoinua hezi 8,000 itauchambua mchakacho huo kwa ustadi na kumwacha Siti palepale alipokuwa, ilhali hedifoni ya kawaida yenye sauti safi za kati humleta karibu.

Muda wa jaribio huathiri hukumu pia. Shirika la Afya Duniani huweka ukomo wa usalama kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Anayetafuta undani huelekea kuongeza sauti, hasa kwenye hedifoni zisizokwaruza hata zikipazwa. Usikivu hufifia kwa muda baada ya sauti kubwa, mara nyingi zaidi katika hezi 3,000 hadi 6,000, eneo lilelile linalobeba matamshi na miguso midogo. Kwa hiyo hedifoni inayovaliwa mwisho huonekana butu, na wanaopanga majaribio kwa makini hubadilisha mfuatano kwa kila msikilizaji na kuweka vipindi vya kimya katikati.