Waya Uliobishana na Picha

Tarehe 30 Oktoba 1958, huko Cleveland, Marekani, daktari Mason Sones alikuwa anapiga picha moyo wa mgonjwa, rangi ya eksirei ikaingia mahali haikutakiwa: ndani ya ateri ya moyo yenyewe. Wakati huo iliaminika rangi nyingi hivyo ingemuua mtu. Moyo ulisimama. Sones akamwambia mgonjwa akohoe, akakohoa, mapigo yakarudi.

Kwa bahati hiyo madaktari wakapata njia ya kuona mishipa inayolisha moyo, na kwa miongo kadhaa picha ndiyo ilikuwa hakimu. Mshipa ukionekana umebanwa zaidi ya nusu, basi, wewe ni wa kutibiwa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwa nasomea udaktari, lakini hapa hata mtu wa mtaani anaweza kuuliza: nani aliona damu ikikosa kupita?

Lance Gould aliuliza mapema. Mwaka 1974 alichapisha majaribio ya mbwa ambao alibana ateri zao kidogo kidogo. Mnyama akiwa ametulia, damu ilipita vizuri hadi kipenyo kilipobanwa karibu asilimia 85. Lakini moyo ukihitaji damu nyingi, shida ilianza mapema zaidi. Fikiria Thika Road. Funga leni moja saa tisa usiku, hakuna atakayejua. Ifunge saa kumi na moja jioni, utajua.

Halafu 1984, timu ya Carl White huko Iowa ikapima mwendo wa damu kwa wagonjwa waliokuwa wamefunguliwa kifua. Asilimia zilizosomwa kwenye picha hazikulingana na damu iliyopita kweli. Hapo nadhani watu wengi wangefaa kushtuka kuliko walivyoshtuka.

Kupima ndani ya mshipa kulikuwa na tatizo la kifundi. Andreas Grüntzig, aliyepanua ateri ya moyo kwa puto kule Zurich mwaka 1977, alipima presha kabla na baada ya pale palipobana, akitumia mrija wa puto lenyewe. Lakini mrija ule nao ulikuwa unaziba njia. Ni kama kupima upana wa kichochoro ukiwa umeingiza mkokoteni ndani.

Jibu likawa waya wa milimita 0.36 wenye kihisi cha presha karibu na ncha. Nico Pijls wa Eindhoven na Bernard De Bruyne wa Aalst, Ubelgiji, walitengeneza hesabu yake, na ni rahisi ajabu. Mgonjwa anapewa adenosini ili damu ipite kwa wingi. Presha mbele ya mbano inagawanywa kwa presha ya nyuma yake, upande damu inakotoka. Nyuma 100, mbele 70, unapata 0.70: moyo unanyimwa. Mwaka 1996 walichapisha matokeo ya wagonjwa 45 wenye mbano wa wastani. Wote 21 waliokuwa chini ya 0.75 walionyesha dalili za moyo kukosa damu kwenye vipimo vingine.

Utafiti wa FAME, 2009, uligawa wagonjwa 1,005 makundi mawili. Walioongozwa na picha peke yake waliwekewa wastani wa stenti 2.7 kila mmoja. Walioongozwa na waya, 1.9. Baada ya mwaka, vifo, mishtuko ya moyo na kurudiwa matibabu: asilimia 18.3 dhidi ya 13.2. Stenti chache, watu wazima zaidi. Na ile mibano iliyoonekana asilimia 50 hadi 70, karibu theluthi mbili haikuwa inazuia damu kiasi cha kuhitaji stenti.

Bado madaktari wengi waliendelea kukadiria kwa macho. Waya ni ghali, adenosini huleta kifua kubana kwa muda, na si rahisi kuuza kifaa ambacho kazi yake mara nyingi ni kusema “acha hivyo.”

Mshipa ukifunga kabisa na mtu ana mshtuko wa moyo, hapo ni kukimbia tu. Lakini mzee wako akiambiwa kwa utulivu ofisini kwamba mshipa umebana asilimia 60 na stenti inahitajika, muulize daktari kama presha ilipimwa, na ilikuwa ngapi.