Kondoo "wa kienyeji" ana ukoo, ni vile tu haukuandikwa

Kwa kuku, neno kienyeji linaongeza bei. Ingia hoteli yoyote Nairobi uone. Kwa kondoo, neno hilo hilo ni tusi. Peleka kondoo mwekundu wa Kimaasai sokoni Kitengela au Ilbissil, yule wa nywele fupi na mkia wa mafuta, dalali atakuangalia kama umemletea paka. Yeye anataka Dorper, mwili mweupe kichwa cheusi, kondoo "mwenye damu". Eti huyu mwingine hana damu, ako tu.

Sasa wasee, tuongee kuhusu hiyo damu, juu tumeuziwa hadithi nusu.

Dorper alitengenezwa Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1930. Wakulima wa huko walitaka kuuza nyama Uingereza, na kondoo wao wa mafuta mengi hawakuwa wanapendwa na wanunuzi wa London. Wakachukua madume wa Dorset Horn, kondoo wa Kiingereza, wakawapandisha kwa majike wa aina inayoitwa Blackhead Persian. Dor na Per, jina limetoka hapo. Mwaka 1950 wafugaji wakaunda chama chao, na mambo ya baba ni nani na mama ni nani yakaanza kuwekwa kwenye vitabu.

Hiyo "Per" ndiyo inaniuma. Persia ni Iran, na huyo kondoo si wa Iran. Ni kondoo wa Kisomali! Yule yule mweupe wa kichwa cheusi ambaye ukienda Wajir au Garissa leo utapishana naye barabarani. Walifika Afrika Kusini kwa meli karibu na mwaka 1870, wachache sana, wakaandikwa Waajemi na jina likashika. Kwa hivyo sehemu kubwa ya damu ya huyu kondoo tunayemuona wa kizungu ilitoka hapa kwa majirani, ikaenda hadi kusini, ikabadilishwa jina mara mbili, halafu ikarudi Kenya ikiwa na cheti. Mama Msomali hayuko hata kwenye jina la mtoto wake.

Haya, turudi kwa yule mwekundu.

Hadi katikati ya miaka ya 1970, kondoo wa Kimaasai alikuwa kila mahali kwenye nchi ya wafugaji, mamilioni. Hapo ndipo ukaja mpango wa kusambaza madume wa Dorper kwa bei iliyopunguzwa. Na mimi naelewa kabisa kwa nini watu walichangamkia. Ukimpandisha jike mwekundu kwa dume wa Dorper, uzao wa kwanza unakuwa moto: mkubwa kama baba, mgumu kama mama. Nani angekataa?

Shida ni uzao wa pili. Wafugaji hawakufundishwa kwamba ule mchanganyiko mzuri unahitaji majike wekundu safi kila wakati, kwa hivyo lazima mtu fulani aendelee kuwazalisha hao safi. Watu wakarudisha dume wa Dorper kwa binti, halafu kwa mjukuu. Piga hesabu. Uzao wa kwanza una nusu ya damu nyekundu, wa pili robo, wa tatu moja ya nane, wa nne moja ya kumi na sita. Kondoo hakai sana kabla ya kuzaa, so hiyo yote inaweza kuisha ndani ya miaka kama kumi. Hakuna aliyechinja ukoo huo, uliyeyuka tu zizini kama sukari kwa chai.

Na kilichoyeyuka si rangi peke yake. Kuna mnyoo mmoja anayeishi kwenye tumbo la nne la kondoo, kazi yake kunyonya damu. Jike mmoja wa mnyoo huyo anataga maelfu ya mayai kwa siku. Kondoo akizidiwa, ndani ya kope panakuwa peupe, taya linavimba kwa chini, halafu asubuhi moja unamkuta amelala tu. Kondoo mwekundu anaishi na huyo mnyoo bila kuangushwa kirahisi. Si kwamba haambukizwi. Mwili wake unajua kupigana.

Hii si stori ya wazee tu. Kuanzia 1991 watafiti waliwaweka wekundu na Dorper pamoja kule Diani, pwani, kwenye joto na unyevu ambao minyoo inaupenda. Kinyesi cha wekundu kilikuwa na mayai machache zaidi, damu yao ilikuwa na nguvu zaidi, na wana-kondoo wao walikufa wachache kuliko wa Dorper. Niseme ukweli wote: sehemu kavu, ambako minyoo ni michache, Dorper anajitetea vizuri na ana kilo. Simchukii.

Lakini dawa za minyoo zimeanza kushindwa sehemu nyingi duniani, Afrika Kusini kwenyewe na Australia zikiwemo, kwa sababu minyoo imezizoea. Ndiyo maana watafiti wa nje wanamsoma kondoo wetu huyu kwa makini. Na walipozunguka Kenya na kaskazini mwa Tanzania miaka ya 1990 wakitafuta wekundu safi, waliwapata wachache mno. Hata kundi walilokusanya lilikuja kuonekana lina damu ya wengine ndani.

Sasa mtu ataniambia Wamaasai hawakuwa na ufugaji wa mpango, walikuwa wanaacha tu wanyama wajipande. Buda, umewahi kuona dume la kondoo limefungwa aproni ya ngozi tumboni? Hiyo ni ya kumzuia asipande majike wakati mbaya, ili wana wazaliwe nyasi zikiwepo. Madume wasiofaa wanahasiwa. Kuna mzee alikuwa anaamua ni dume gani abaki, na alikuwa anamjua mama yake. Mimi niliacha chuo kwa hivyo sina cheti cha kukuonyesha, lakini naona huo ni uchaguzi wa kizazi. Ulikuwa kichwani tu, na kichwa cha mzee hakina mhuri.

Siwezi kumlaumu mfugaji wa Kajiado ambaye karo inadaiwa na dalali anataka Dorper. Ninachoomba ni kidogo. Kama kwenu bado kuna dume mwekundu, usimhasi wala kumuuza kabla ya kukaa chini na babu au nyanya. Uliza mama yake alitoka boma gani, na nyanya yake, na kama ule ukame wa 2022 ulimkuta hai. Andika, hata kwa simu. Kisha nitumie.