Chumvi Ndani ya Maji

Msomaji, ukisimama Kombewa wakati wa kiangazi na kutazama Ziwa Viktoria, waweza kudhani kwamba mkulima mwenye maji hana adui. Maji ya ziwa hilo ni matamu. Lakini historia yatufundisha kuwa yako mataifa yaliyokuwa na mito mikubwa ya maji matamu, na juu ya hayo mashamba yao yakadhoofishwa na chumvi.

Wasumeri walikaa kusini ya nchi iitwayo sasa Iraki, kati ya mito Tigri na Frati. Walichimba mifereji, wakalima ngano na shayiri. Mwaka 1958 wataalamu wawili, Thorkild Jacobsen na Robert Adams, waliandika kwamba ngano ilipungua huko karne baada ya karne, hata ilipofika mwaka 1700 kabla ya Kristo ilikuwa imeachwa, ikabaki shayiri, ambayo huvumilia chumvi zaidi. Wanazuoni wengine wamebishana nao juu ya ukubwa wa hasara ile, bali chumvi yenyewe ilikuwapo.

Pengine utauliza: chumvi ilitoka wapi, na mito ni mitamu? Kila mto huchukua chumvi kidogo kutoka katika mawe na udongo. Jua hunyonya maji, chumvi huiacha. Tufanye hesabu. Tuseme lita 1 ya maji ina nusu gramu ya chumvi, kiasi ambacho ulimi hukitambua kwa shida. Hekta 1 ikinyweshwa mita za ujazo 5,000, itapokea kilo 2,500 za chumvi, yaani magunia 50 ya kilo 50. Haba na haba hujaza kibaba.

Dawa ya kale ni kuuosha udongo. Wanawake wengi wa magharibi ya Kenya waijua kanuni yake: hutia majivu katika chombo chenye matundu, wakamimina maji juu, nayo yakashuka yamebeba chumvi ya kulainishia mboga. Shamba nalo lahitaji maji ya ziada, na mfereji wa kuyatoa. Nchini Misri kazi hiyo ilifanywa na mafuriko ya Nile kila mwaka, na ndiyo sababu moja ya mashamba yake kudumu maelfu ya miaka.

Siku hizi miji yatupa swali jipya, kwa kuwa maji yake machafu yaweza kunywesha mimea. Mji wa Kisumu husafisha maji hayo Kisat na katika mabwawa ya Nyalenda. Bwawa hupunguza vijidudu. Chumvi ya jikoni, ya sabuni na ya viwandani hupita salama, tena jua huizidisha ukali. Israeli, ambayo hutumia mashambani sehemu kubwa ya maji machafu yake, iliitafuta dawa kwenye chanzo: mwaka 1999 iliweka kiwango cha kupunguza boroni katika sabuni za kufulia, kwani boroni nayo huponyoka usafishaji na kudhuru mimea.

Mvua za Kombewa huuosha udongo. Turkana na Garissa hazina bahati hiyo. Basi, msomaji, popote utakapoona maji ya mji yakielekezwa shambani, usiulize tu kama yana vijidudu. Uliza pia ni nini kilichomwagwa bombani, kwa maana kuizuia chumvi mjini ni rahisi kuliko kuifukuza shambani.